Mwanakandarasi Asipolipa Mafundi, Nani Hudaiwa?

Nyumba imekamilika na mwanakandarasi amelipwa pesa zote. Wiki moja baadaye, fundi wa umeme anabisha langoni: hajapata hata shilingi, na anatishia kuweka "koshen" kwenye hatimiliki ya mwenye nyumba.

Katika majimbo ya Marekani, fundi kama huyo anaweza kudai haki juu ya nyumba yenyewe. Kenya haina sheria ya aina hiyo. Kwa kawaida fundi humdai aliyempa kazi, yaani mwanakandarasi, na deni lisipozidi Sh1 milioni anaweza kumshtaki katika Mahakama ya Madai Madogo, ambayo sheria huitaka iamue kesi ndani ya siku 60.

Koshen, chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, ni ya mtu anayedai haki katika ardhi. Deni la kufunga nyaya halitoshi. Hata hivyo, ikishasajiliwa, inaweza kukwamisha uuzaji au mkopo wa benki. Mwenye ardhi anaweza kumwomba Msajili wa Ardhi aiondoe. Aliyeiweka hupewa notisi, na akipinga, pande zote husikizwa. Aliyeiweka bila sababu ya msingi anaweza kutakiwa kulipa fidia.

Wengi hujiponza kwa mdomo wao. Ukimwambia fundi, "Malizia tu, nitakulipa mwenyewe," huenda umejitwika deni. Afadhali mkataba ulioandikwa umtake mwanakandarasi alete stakabadhi za mafundi kabla ya kila malipo, na fungu la mwisho lizuiliwe hadi wote wathibitishe kwa sahihi kwamba wamelipwa.