Maumivu ya Viungo Wakati wa Tiba ya Homoni: Msalaba Usiobebwa Peke Yake



Katika parokia zetu wamo akina mama waliokwisha kufanyiwa upasuaji wa saratani ya matiti, wakamaliza tibakemikali na mionzi, na jumuiya ikamshukuru Mungu pamoja nao. Wengi wetu hudhani kwamba hapo safari imekwisha. Kumbe mama huyo bado anameza kidonge kimoja kila siku, na kila aamkapo vidole vyake vimekakamaa, vifundo vya mikono vinauma, na magoti hayataki kuinuka. Kusonga ugali, kumenya ndizi au kukamua ng'ombe kumekuwa kazi ya kuhesabu pumzi. Akiulizwa hali yake hujibu kwamba hajambo, kwa kuwa anaona aibu kulalamika baada ya kuponea chupuchupu. Wengine huamua kuviacha vidonge kimyakimya, na hapo ndipo ilipo hatari.

Kwa nini viungo huuma

Saratani nyingi za matiti hustawi kwa msaada wa estrojeni, homoni ya kike. Kipimo cha kipande cha nyama kilichotolewa kwenye uvimbe ndicho kinachoonesha kama saratani ya mgonjwa ni ya namna hiyo. Ikiwa ndivyo, daktari huandika tiba ya homoni, kwa kawaida kwa miaka 5, na kwa wengine hadi miaka 10. Tamoksifeni huizuia estrojeni isifanye kazi katika chembe za saratani. Anastrozoli, letrozoli na eksemestani hupunguza utengenezaji wa homoni hiyo mwilini, na hutumiwa hasa na wanawake waliokoma hedhi.

Estrojeni inaposhuka, viungo na mifupa huathirika. Karibu nusu ya wanawake wanaotumia dawa za kundi hili la pili hupata maumivu, mara nyingi katika miezi ya mwanzo. Baadhi hupata pia ganzi katika kidole gumba, cha shahada na cha kati, hasa usiku, kwa sababu mshipa wa fahamu unaopita kwenye kifundo cha mkono umebanwa. Maumivu haya pekee si ishara kwamba saratani imerudi, wala si ishara kwamba dawa imeshindwa. Hata hivyo, ni maumivu ya kweli yanayostahili tiba.

Chanzo kijulikane kwanza

Sisi tunaoishi chini ya Mlima Meru tunayo sababu ya pekee ya kuwa waangalifu. Maji ya sehemu nyingi za Arumeru, Maji ya Chai ikiwemo, yana madini mengi ya floraidi yatokanayo na miamba ya volkano. Ndiyo maana Serikali iliweka kituo cha utafiti wa kuondoa madini hayo pale Ngurdoto. Wengi tunajua kwamba floraidi hubadili rangi ya meno. Lakini ikizidi kwa miaka mingi huathiri pia mifupa na kukakamaza viungo. Kwa hiyo, mama, unapokwenda kliniki umweleze daktari mahali ulipokulia na maji uliyokunywa. Mweleze pia kama viungo viliuma kabla ya kuanza vidonge. Maelezo hayo humsaidia kutofautisha athari ya dawa na athari ya maji, baridi yabisi au uzee.

Mambo yanayosaidia

La kwanza ni mwendo. Mtu anayeumwa hutamani kukaa, lakini kukaa muda mrefu huzidisha ukakamavu. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, uliochapishwa mwaka 2015, uliwafuatilia wanawake 121 waliokuwa na maumivu haya. Waliopangiwa mazoezi walitakiwa kufanya mazoezi ya nguvu mara 2 kwa wiki, pamoja na dakika 150 za mazoezi kama kutembea kwa kasi. Baada ya mwaka mmoja, maumivu yao makali zaidi yalikuwa yamepungua kwa takriban asilimia 30. Dakika 150 ni sawa na nusu saa kwa siku 5, na njia ya kwenda kanisani yaweza kuhesabiwa. Anza kidogo kidogo. Ukiona mkono wa upande uliofanyiwa upasuaji unavimba, mweleze daktari kabla ya kuendelea kunyanyua vitu vizito.

La pili ni kuitunza mikono. Asubuhi, itumbukize katika beseni la maji ya uvuguvugu, kisha ukunje na kukunjua vidole polepole. Gawa kazi: badala ya ndoo moja iliyojaa, chukua mbili ndogo kwa zamu, na usikamue nguo nzito peke yako. Kwa ganzi ya usiku, mtaalamu wa tiba ya viungo anaweza kukupatia gango la kunyoosha kifundo cha mkono wakati wa kulala.

La tatu ni dawa za maumivu kwa ushauri. Usinunue dukani vidonge vya kupunguza maumivu na kuvimeza kwa miezi, kwani baadhi hudhuru tumbo, figo na shinikizo la damu. Dawa za mitishamba nazo zitajwe kwa daktari bila woga.

La nne ndilo kubwa: usiache tiba bila kusema. Daktari anaweza kusimamisha dawa kwa muda mfupi, kukubadilishia nyingine ya kundi lilelile, au kukupa tamoksifeni. Anayeacha kimyakimya hujinyima kinga dhidi ya kurudi kwa saratani, na pia hujinyima njia hizo nyingine zilizo wazi. Zungumza na kliniki inayokuhudumia, iwe Arusha, KCMC Moshi au Ocean Road Dar es Salaam.

Usingoje tarehe ya kliniki ukiona mojawapo ya haya: maumivu ya mfupa mmoja yanayozidi siku hadi siku, maumivu ya mgongo pamoja na miguu kulegea, au kiungo chekundu chenye joto na homa. Kwa anayetumia tamoksifeni, awahi hospitali akivimba mguu mmoja, akibanwa pumzi ghafla, au akitokwa damu ukeni baada ya kukoma hedhi.

Imani haitudai tunyamaze

Wapo wanaodhani kwamba kutafuta nafuu ni kuukimbia msalaba. Mama Kanisa hafundishi hivyo. Katika barua yake ya kitume *Salvifici Doloris* ya tarehe 11 Februari 1984, Mtakatifu Yohane Paulo II alieleza thamani ya mateso yaliyounganishwa na ya Kristo. Katika barua hiyohiyo alimweka mbele yetu Msamaria Mwema, ambaye aliyafunga majeraha kwa mikono yake. Kristo mwenyewe, njiani kwenda Kalvari, alisaidiwa na Simoni Mkirene. Ikiwa Bwana alisaidiwa kuubeba msalaba, mama asione haya kusema kwamba mikono inauma.

Tena, magoti yakikataa, kuketi wakati wa Misa si utovu wa heshima, na mgonjwa hafungwi na sheria ya mfungo. Mpako wa Wagonjwa nao si kwa wanaokata roho tu; mwenye ugonjwa mzito azungumze na paroko wake.

Kwetu sisi wengine, WAWATA na Jumuiya Ndogo Ndogo, tunapomtembelea mgonjwa tusali naye, kisha tumchotee maji, tumfulie na tumkatie majani ya ng'ombe. Waume na vijana washike mwiko bila kungoja kuombwa. Na tumuulize swali moja ambalo wachache huuliza: "Vidonge bado unameza, na vinakutendaje?" Huenda swali hilo likamfanya aseme alilokuwa akilificha, na arudi kliniki kabla hajakata tamaa.

Mtakatifu Agatha, shahidi wa Catania na mwombezi wa wagonjwa wa matiti, utuombee.