Insha Moja, Alama Mbili

Katika kikao cha wazazi muhula uliopita mama mmoja alinijia na insha ya mwanawe. Ilikuwa na alama mbili, maana walimu wawili tuliisahihisha kila mtu peke yake ili tujipime. Mimi nilitoa 13 katika 20, mwenzangu 9. "Mwalimu," aliuliza, "mwanangu nimshike kwa ipi?" Nikaahidi kumjibu humu gazetini.

Mimi ni mtu wa Pangani, Kiswahili nimekinyonya. Mwenzangu ni Msukuma wa Magu, naye alikijua Kiswahili alipoingia shule, kama walivyo baadhi ya watoto wetu wa Buhongwa. Mtoto aliandika kuwa babu yake "alikwenda kupiga kula". Nilidhani mzee amekwenda kula. Mwenzangu alielewa mara moja kuwa ni kura, kwa kuwa Kisukuma hakina r.

Basi msomaji atadhani yeye ndiye aliyekuwa mpole. La! Alikata alama kwa kila l iliyokaa mahali pa r. Alipokuwa mwanafunzi alichekwa kwa herufi hiyo, wala hataki mwingine achekwe. Mimi nilichukuliwa na utamu wa hadithi, makosa nikayapita.

Jambo hili si letu tu. Mwaka 2001 Ling Shi alitoa utafiti juu ya walimu 46 waliosahihisha insha 10 za Kiingereza za wanafunzi wa China. Nusu yao Kiingereza kilikuwa lugha yao, nusu walikuwa Wachina. Alama hazikuachana sana, ila sababu ziliachana: wale wa kwanza walisifu zaidi mawazo na lugha, Wachina walilaumu zaidi mpangilio na urefu. Hili lanitisha kuliko 13 na 9. Alama zikilingana, nani atauliza sababu?

Sasa, kabla ya kusahihisha, twasoma pamoja insha chache na kupatana tahajia ikatwe alama ngapi na mawazo yapewe ngapi. Wanafunzi huandika namba badala ya jina, kama katika mitihani ya Baraza la Mitihani la Taifa. Namba huficha jina, lakini l haifichiki.

Insha ile tuliirudia, tukabishana mpaka kengele ya chakula, ikapata 11. Mama yule hajaridhika. Asema hiyo si alama ya mwanawe, ni mapatano ya walimu, nami sijapata la kumjibu.