KOLEO LA MOTO: JE, FUNDI WA NYUMBANI ANALIHITAJI?

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Walikuwa wakimzungumzia mhunzi wa vyuma, yule wa mivukuto na makaa. Lakini mpenzi msomaji, siku hizi kuna uhunzi wa aina nyingine kabisa. Huu hufanywa juu ya meza, na koleo lake laweza kushikwa kwa vidole viwili. Ni uhunzi wa redio, simu, chaja na taa za sola, vitu ambavyo hapa Ronge tunavitegemea kila siku.

Vijana wengi shuleni wanaipenda kazi hii, na wako wanaotaka kuitegemea wakimaliza Kidato cha Nne. Swali lao kila mara ni moja: ninunue chuma kipi cha kulehemia? Kile rahisi kinachouzwa pamoja na bisibisi na betri? Ama nijinyime mpaka nipate stesheni nzima yenye koleo la moto? Swali hili si la mchezo. Ukichagua vibaya, pesa zimeenda, na kibaya zaidi, taa ya watu uliyopewa uitengeneze inakufa mikononi mwako. Ndiyo maana nimeona heri tuelezane polepole.

LEHEMU NI NINI?

Lehemu ni ule waya laini wa rangi ya fedha unaoyeyushwa ili kuunganisha mguu wa kifaa na shaba ya bodi. Mtaani wengi huuita risasi tu. Hawajakosea sana, kwa sababu lehemu ya kawaida ni mchanganyiko wa bati na risasi. Bati hapa si mabati ya kuezekea nyumba, ni madini yenyewe. Lehemu yenye bati sehemu 63 na risasi sehemu 37 huyeyuka kwenye nyuzi 183 za Selsiasi. Ile ya 60 kwa 40 huhitaji joto zaidi kidogo ili iyeyuke yote.

Kuna lehemu nyingine isiyo na risasi. Tarehe 1 Julai 2006, nchi za Umoja wa Ulaya zilianza kuzuia risasi katika vifaa vingi vya elektroniki, na viwanda vingi vya nchi nyingine vikafuata. Lehemu hiyo mara nyingi ni bati lililotiwa fedha kidogo na shaba kidogo, na huanza kuyeyuka karibu na nyuzi 217. Kwa hivyo usishangae chuma kinachoweza redio ya babu kikishindwa na simu ya juzi.

Ndani ya waya wa lehemu mna dawa iitwayo flaksi. Asili yake ni utomvu wa msonobari, miti ile ile iliyopandwa sehemu kadhaa za milima yetu ya Taita. Kazi yake ni kusafisha shaba ili lehemu ishike. Ule moshi unaouona wakati wa kulehemu ni flaksi inayoungua, si risasi.

STESHENI SI ILE YA RELI

Ukisema stesheni, mtu wa Voi atafikiria garimoshi. Stesheni ya kulehemia ni kisanduku chenye swichi ya kuchagua joto, na chuma chenyewe kimeunganishwa nacho kwa waya. Karibu na ncha ya chuma mna kitambua joto. Ukiweka nyuzi 350, kisanduku kinapeleka umeme mpaka ncha ifike hapo, kisha kinapunguza. Ncha ikipoa kwa kugusa shaba, umeme unapelekwa tena. Kampuni ya Weller iliwahi kutumia ujanja mzuri zaidi: sumaku. Kipande cha chuma nyuma ya ncha hupoteza nguvu ya kuvutwa na sumaku kikifikia joto fulani, na hapo swichi inajifungua yenyewe. Fizikia tupu hiyo!

Kile chuma rahisi cha kuchomeka ukutani hakina akili hiyo. Chenyewe hupata moto tu bila kuuliza, na kikiachwa mezani huweza kupita nyuzi 400. Kisha kina ubaya wa pili. Tulijifunza darasani kwamba nguvu ya umeme ni volti mara volti, ukagawa kwa ukinzani. Chuma cha wati 40 kimepimwa kwa volti 240. Jioni watu wote wakiwasha vitu, volti zikishuka hadi 200, chuma hicho kinatoa kama wati 28 tu. Mchana kinaunguza, jioni kinabembeleza! Stesheni nzuri hurekebisha tofauti hiyo yenyewe, mradi iwe na wati za kutosha.

KOLEO LA MOTO LINAFANYA NINI?

Zamani rezista ilikuwa na miguu miwili mirefu iliyopenya kwenye matundu ya bodi. Siku hizi vifaa vingi havina miguu. Vinakaa juu ya bodi na kushikwa kwa lehemu ncha zote mbili. Kuna saizi moja maarufu yenye urefu wa milimita 2 na upana wa milimita 1.25. Nyingine ina urefu wa milimita 1 na upana wa nusu milimita, ndogo kuliko punje ya mtama. Ndani ya simu hizo ndizo zimejaa.

Shida inaanzia hapo. Ukiyeyusha upande wa kushoto, upande wa kulia bado umeshika. Ukihamia kulia, kushoto kumeshaganda. Fundi akichoka, anavuta kwa nguvu, na kile kipande chembamba cha shaba kiitwacho pedi kinang'oka. Pedi imegandishwa kwenye bodi kwa gundi, na gundi hiyo haipendi joto jingi.

Haya si maneno ya kitabuni tu. Taa ya sola ya nyumbani kwetu ilizimika, ikapelekwa mjini kwa fundi mmoja. Rezista moja tu ndiyo iliyokuwa imeungua. Fundi alikuwa na chuma kimoja kikubwa cha moto mkali, na alipomaliza, pedi mbili zilikuwa zimetoka. Taa ikarudi maiti. Wadogo zangu walisomea koroboi muhula mzima. Kumbe kifaa kilichoharibika kilikuwa kidogo kuliko punje ya mchele!

Koleo la moto ndiyo dawa ya shida hiyo. Ni vyuma viwili vilivyounganishwa kama kibano, kila kimoja na hita yake. Unabana kifaa, ncha zote mbili zinapata moto kwa wakati mmoja, lehemu inayeyuka pande zote, nawe unakiinua bila kuvuta. Ni kazi ya sekunde mbili tatu. Hakko ya Japani, JBC ya Hispania na Weller zote hutengeneza makoleo ya namna hii, na kuna ya makampuni mengine yaliyo rahisi zaidi.

Lakini tusilisifu kupita kiasi. Koleo halifai kwa chipu yenye miguu mingi pande nne. Hiyo huhitaji upepo wa moto. Halifai pia kwa taa ndogo zilizolehemiwa juu ya bodi ya alumini, kama zilivyo nyingi za sola, kwa sababu alumini hulinyonya joto lote upesi. Hizo hupashwa kutoka chini, na wako mafundi wanaogeuza pasi ya umeme juu chini wakaiweka bodi hapo. Ama kwa kweli, akili ni mali.

KAMA HUNA KOLEO

Hapa ndipo maneno ya wahenga yanapotufaa. Njia ya kwanza ni kutumia vyuma viwili vidogo, kimoja kila mkono, kama mtu anayekula kwa vijiti. Ukigusa pande zote mbili pamoja, kifaa kinatoka. Njia ya pili ni kuongeza lehemu mpya kwa wingi mpaka ifunike kifaa chote. Tone hilo hupeleka joto pande zote, kisha unakisukuma kando na kusafisha. Kifaa ulichokitoa hivyo usikirudishe, weka kipya. Njia zote mbili zinataka flaksi ya kutosha na subira.

Basi maoni yangu ni haya. Kama unatengeneza redio, chaja na nyaya za sola, stesheni yenye chuma kimoja inakutosha kabisa. Kama utafungua simu mara moja moja, ongeza chuma kidogo cha pili. Ila kama kazi yako ya kila siku ni bodi za simu, koleo litajilipa lenyewe kwa pedi litakazookoa. Usianze na koleo kabla ya stesheni. Huko ni kununua tandiko kabla ya punda.

MAMBO YA KUULIZA DUKANI

Ukienda dukani Voi, au ukimwagiza mtu akununulie barabara ya Luthuli kule Nairobi, usitazame rangi ya sanduku. Uliza haya.

Kwanza, ncha zake zinapatikana? Ncha huisha kama sabuni. Stesheni nyingi za bei nafuu hutumia ncha za aina ya 900M, ambazo ni rahisi kupata. Mashine nzuri isiyo na ncha ni pambo la kabati. Kwa koleo kumbuka kwamba ncha hununuliwa mbili mbili.

Pili, ncha ina umbo gani? Wengi hupenda iliyochongoka kama sindano wakidhani ndiyo ya ufundi. Sivyo. Iliyo bapa kama patasi hugusa shaba kwa upana, na joto hupita upesi. Na ikiwa ncha imepakwa chuma juu ya shaba, usiipige tupa hata siku moja! Tupa huondoa ngozi hiyo na lehemu huila shaba ya ndani. Isafishe kwa sifongo yenye maji kidogo.

Tatu, plagi ina pini tatu na waya wa ardhi umefika kwenye ncha? Umeme kidogo unaovuja unaweza kuua chipu.

Nne, ni ya volti ngapi? Mashine ya mtumba kutoka Marekani huwa ya volti 120, na ya Japani volti 100. Ukiichomeka kwenye 240 yetu, utaona moshi kabla ya kuona kazi.

Tano, stesheni itakubali koleo baadaye? Ziko zinazokubali na zisizokubali. Koleo lina hita mbili, kwa hivyo lazima kisanduku kiweze kuzilisha zote. Na kama unanunua koleo lenyewe, lifumbe mbele ya mwenye duka uone ncha zinakutana sawasawa. Zikipishana, hutabana kitu.

NYUMBA ISIYO NA STIMA

Wengine watasema, “Hayo ni ya wenye stima.” La hasha. Kuna vyuma vya kisasa vyenye kupima joto vinavyotumia volti 12 hadi 24 moja kwa moja. Betri ya volti 12 na ampea-saa 7 ina wati-saa 84. Tukitumia nusu tu ili tusiichoshe, tunabaki na 42. Chuma cha wati 40 kitafanya kazi kama saa moja, au zaidi, maana kikishapata moto hakivuti umeme wote. Ni bora hivyo kuliko kupitia inveta, ambayo nayo hula sehemu yake.

TAHADHARI

Mwisho, tusisahau afya. Risasi ni sumu, hasa kwa watoto, kwa sababu hudhuru ubongo. Watu wa Owino Uhuru kule Mombasa wanaijua sumu hiyo. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwaletea maradhi, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamua walipwe shilingi bilioni 1.3. Sisi hatuyeyushi tani na tani, lakini risasi ni ile ile. Haipai na moshi kwenye nyuzi 350. Huingia kinywani kwa vidole. Basi usilehemu kwenye meza ya chakula, usiushike waya kwa meno, na nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa ugali. Moshi wa flaksi nao huchokoza kifua cha mwenye pumu, kwa hivyo fungua dirisha, na ukae kando ya moshi, usiuinamie.

Hayo ndiyo niliyotaka tuelezane. Kabla hujatoa pesa, chukua karatasi uandike vitu kumi vilivyoharibika nyumbani kwenu na kwa majirani. Vikiwa tisa ni nyaya na redio, jibu unalo. Vikiwa tisa ni simu, jibu pia unalo. Kazi ndiyo ichague chombo, si tangazo. Kufikia hapo naweka kalamu chini. Wakatabahu.