Istilahi za Elimu ya Nyota: "Nuru Shahidi"

Mwalimu wa Geita, au wa Kahama mkoani Shinyanga, anapofundisha asili ya dhahabu huanzia miambani. Miamba ya huko ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Lakini dhahabu yenyewe ni kongwe kuliko dunia. Wataalamu wanaamini kuwa sehemu yake ilitokana na kugongana kwa nyota za nyutroni, yaani masalio mazito ya nyota zilizokufa. Ili jambo hili lielezwe kwa Kiswahili, tunahitaji istilahi tatu.

Ya kwanza ni mawimbi ya mvutano. Nyota hizo zinapogongana hutikisa anga, na mtikisiko husambaa kama viwimbi ziwani. Tarehe 17 Agosti, 2017, saa 9.41 alasiri kwa saa za Afrika Mashariki, mitambo ya LIGO ya Marekani iliyanasa mawimbi hayo. Kwa msaada wa mtambo wa Virgo wa Italia, eneo la anga yalikotoka lilikadiriwa. Hata hivyo lilizidi ukubwa wa mwezi mpevu zaidi ya mara mia.

Ya pili ni darubini ya kujiendesha. Hii hupokea taarifa, hugeuka na kupiga picha pasipo mkono wa mtu. "Darubini roboti" ni fupi zaidi, lakini humfanya msomaji afikirie sanamu la chuma lenye mikono. Siku ile darubini ya Swope huko Chile, ikiongozwa na watu, ndiyo iliyotangulia kuiona nuru ya tukio, kabla ya saa 11 kupita. Usiku uleule darubini za kujiendesha za mtandao wa Las Cumbres ziliiona pia.

Ya tatu ni nuru shahidi, yaani nuru hiyo. "Mwenza wa nuru" hakufai, kwani mwenza hudokeza vitu viwili, na hapa tukio ni moja, kama radi imulikayo na kunguruma. Shahidi huthibitisha mahali: galaksi NGC 4993, umbali wa miaka ya nuru ipatayo milioni 130.

Tena shahidi mwaminifu husema aliloliona tu. Mwaka 2019 wataalamu walitangaza kuitambua strontiamu katika nuru ile. Dhahabu imekisiwa kwa hesabu. Mwalimu asiwaambie wanafunzi kuwa dhahabu ilionekana.

Tunawaomba walimu wazijaribu istilahi hizi darasani na kutuletea maoni yao.