WhatsApp na Swali la Nani Alipe

Jan Koum na Brian Acton walipoanzisha WhatsApp mwaka 2009, walikuwa wametoka Yahoo, kampuni iliyoishi kwa matangazo, na walikuwa wameyachoka. Acton alimwandikia mwenzake kikaratasi, Koum akakiweka mezani pake: matangazo hapana, michezo hapana, hila hapana.

Kwa hiyo alipe mtumiaji mwenyewe. Wengi walipewa mwaka wa kwanza bure, kisha wakatakiwa kulipa senti 99 za dola kila mwaka. Bei hiyo haikuwa kubwa. Kikwazo kilikuwa namna ya kuilipa, na Januari 2016 kampuni iliifuta ada hiyo ikieleza kwamba watu wengi hawana kadi ya benki na wanaogopa kukatiwa mawasiliano na jamaa zao. Afrika Mashariki tunalielewa hilo vizuri. Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007, mtu anaweza kuwa na fedha tele kwenye simu bila kumiliki kadi hata moja.

Wakati huo Facebook ilikuwa imeshainunua WhatsApp, kwa mapatano ya dola bilioni 19 yaliyotangazwa mwaka 2014, na mwenye mali mpya alitaka faida. Acton aliondoka 2017, Koum akafuata 2018.

Mwaka huohuo wa 2018 ndipo lilipopatikana jibu zuri kuliko yote. Mfanyabiashara mdogo, muuza vitenge au mpishi wa keki, alipewa programu ya biashara bila malipo. Makampuni makubwa ndiyo yaliyotozwa, tena kwa utaratibu wa busara: kumjibu mteja ndani ya saa 24 ilikuwa bure, ila aliyechelewa alilipia ujumbe wake. Bei yenyewe ikawa inamtetea mteja! Viwango na masharti yamebadilika mara kadhaa tangu hapo, lakini anayelipia ujumbe bado ni kampuni.

Juni 2025 matangazo yalitangazwa kuingia WhatsApp, kwenye ukurasa wa stetasi. Mazungumzo ya watu hayakuguswa. Mpaka huo una maana kubwa, na watumiaji wana haki ya kuudai usisogezwe.

Nanyi vijana mnaobuni programu Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, kabla ya kubandika tangazo la kwanza, mtafuteni anayepata faida kubwa zaidi kutokana na huduma yenu. Ankara ya kwanza mpelekeeni yeye.