Msumeno wa Mota: Tuchague Upi?

Baba mwenye mikaratusi huko Kivu ataka kununua msumeno wa mota, apate kuangusha miti na kukata kuni. Dukani macho yake huvutwa na ule mkubwa kupita yote. Asifanye haraka!

Kwa kazi hiyo watosha msumeno wa kadiri: mota ya sentimeta za ujazo 50 hivi, na upanga, yaani chuma kirefu kinachobeba mnyororo, wa sentimeta 40 au 45. Bila upanga una uzito wa kilo 5 hivi. Ulio mzito zaidi huchosha mikono, na mikono iliyochoka huleta msiba.

Kabla ya kuuliza bei, tazama breki ya mnyororo. Ncha ya upanga ikigusa gogo, msumeno waweza kuruka ghafula kuelekea uso wako. Breki nzuri husimamisha mnyororo kufumba na kufumbua. Usio na breki usiununue, hata kwa bei rahisi.

Weka pia fedha ya kofia ngumu, miwani, viziba masikio na suruali ya kujikinga. Mkaratusi uliokatwa huchipuka tena. Mguu uliokatwa hauchipuki.