Mtoto Asiyejua Kuungua

Mara nyingi wazazi hushtuka meno ya kwanza yanapoota. Mtoto anatafuna ncha ya ulimi wake hadi damu inachuruzika, wala halii. Akianza kutambaa atashika sufuria iliyotoka jikoni asiiachie. Akikua atavunjika kifundo cha mguu aendelee kukimbia. Na hatoki jasho hata tone. Siku ya jua kali mwili wake hupanda joto kama mwenye homa, na wapo wanaokufa kwa joto hilo wakiwa wadogo bado.

Ugonjwa huu ni adimu. Umeandikwa zaidi Japani na kwa Mabedui wa jangwa la Negev. Mwaka 1996 Yasuhiro Indo na wenzake walionyesha chanzo chake: hitilafu kwenye jeni moja, NTRK1, ambayo mtoto huirithi kwa baba na kwa mama. Jeni hiyo ndiyo inayotengeneza kipokezi kiitwacho TrkA.

Kipokezi ni protini iliyochomekwa kwenye utando wa seli, kichwa nje, mkia ndani. Cha TrkA kinasubiri mgeni mmoja hasa, protini ya kukuza neva iitwayo NGF, ambayo ngozi na viungo vingine huitoa kwa kiasi kidogo sana. NGF huja ikiwa pacha, kwa hiyo hudaka vipokezi viwili kwa mpigo na kuvisogeza pamoja. Mikia yao huko ndani ikikaribiana, kila mmoja humbandika mwenzake fosfeti, na ujumbe unaanza safari.

Safari yenyewe ni ndefu. Neva inayohisi mwiba kwenye kidole cha mguu ina kiini chake kando ya uti wa mgongo, umbali unaokaribia mita moja kwa mtu mzima. Seli hukimeza kipokezi pamoja na NGF iliyoking'ang'ania, ikavitia katika kifuko kidogo, kisha ikakikokota kifuko hicho kupitia mkono wake mrefu hadi kwenye kiini. Mzigo ukifika, seli inaishi. Usipofika, inajiua, na hapa sisemi kwa mafumbo: kila seli ina vifaa vyake vya kujimaliza.

Tumboni mwa mama neva hutengenezwa nyingi kupita mahitaji, na katika makundi mengi takriban nusu hufa. Mtoto ambaye TrkA yake ni mbovu huwa amekwisha kupoteza neva za maumivu, na zile zinazoamrisha jasho, kabla hajazaliwa. Tezi za jasho anazo. Wa kuziamrisha ndiye hayupo.

Kifo hiki cha neva mwanasayansi wa Kiitalia Rita Levi-Montalcini alikitazama chumbani kwake. Sheria za kibaguzi za mtawala wa Italia, Mussolini, za mwaka 1938 zilimfungia milango ya chuo kikuu kwa sababu ni Myahudi, naye akageuza chumba cha kulala mjini Turin kuwa maabara. Sindano za kushonea alizinoa zikawa visu, na mayai ya kuku akayasaka kwa wakulima. (Vita ilikuwa imekaza, na mayai hayatupwi: yaliyobaki yaliliwa nyumbani.) Aliona kwamba kiinitete cha kuku kikikatwa chipukizi la bawa, neva zilizokusudiwa huko huchipua vizuri, kisha hufa. Baada ya vita alikwenda St. Louis, Marekani, na huko yeye na mwanakemia Stanley Cohen wakaipata NGF, kwanza kwenye uvimbe wa panya, halafu kwa wingi zaidi kwenye sumu ya nyoka na tezi za mate za panya. Tuzo ya Nobel waliipokea mwaka 1986.

Kipokezi chenyewe kilijitokeza kwa mlango wa nyuma, katika saratani ya utumbo mpana. Hadi mwaka 1991 ndipo ilipothibitishwa kwamba mgeni wake ni NGF. Kina ndugu: TrkB, kinachosaidia ubongo kujifunza na kukumbuka, na TrkC, kinacholinda neva zinazokujulisha mkono wako uko wapi hata ukifumba macho. Kipo pia p75, kigeugeu wa ukoo, ambacho pengine huisaidia seli kuishi na pengine huisukuma ife.

Mtu mzima naye anaitegemea TrkA kwa maumivu, maana penye jeraha au uvimbe NGF huongezeka na kuzichochea neva. Kampuni za dawa zikaona fursa. Tanezumab ilitengenezwa ili iinase NGF kabla haijafika kwenye kipokezi, na wagonjwa wenye magoti yaliyolika walipata nafuu kweli. Lakini baadhi yao viungo vilibomoka haraka kuliko ugonjwa wenyewe ungevibomoa. Mwezi Machi 2021 washauri wa mamlaka ya dawa ya Marekani walipiga kura kama faida ya dawa hiyo inazidi madhara yake. Waliokataa walikuwa 19, aliyekubali mmoja, na mwaka huohuo dawa ikaachwa.